Maarifa ya Nyumbani: Tarehe Iliyohama Katika Kompyuta

Askari huilinda silaha yake, na jamaa zake nyumbani huvilinda vyeti vya kuzaliwa na barua ya kuandikishwa kazini. Kazi hizo mbili zalingana kwa thamani, kwa kuwa kiinua mgongo hutegemea tarehe. Siku hizi tarehe hizo huwekwa katika lahajedwali za kompyuta, na humo zaweza kuhama bila mtu kutambua.

Mfano mmoja watosha. Sajini amezaliwa tarehe 20 Juni 1976. Ikiwa ni wa kustaafu atimizapo miaka 55, basi atapumzika mwaka 2031. Karani anakili orodha ya kikosi kutoka kitabu kimoja cha Excel hadi kingine. Mara jedwali laonyesha kwamba sajini alizaliwa tarehe 21 Juni 1980, naye atastaafu mwaka 2035. Ndugu yake mdogo, aliyezaliwa 1978, amegeuka kuwa kaka yake! Fomula haina kosa, wala karani hakugusa tarakimu hata moja.

Sababu ni hii: kompyuta haihifadhi tarehe kama cheti kiihifadhivyo, bali huhesabu siku. Excel ya kawaida huihesabu tarehe 1 Januari 1900 kuwa siku ya 1. Lakini Excel ya Macintosh, hadi toleo la mwaka 2008, ilizoea kuihesabu tarehe 1 Januari 1904 kuwa siku ya 0. Tofauti ni siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Namba 27931 ni 20 Juni 1976 kwa hesabu ya kwanza, na 21 Juni 1980 kwa hesabu ya pili. Kila kitabu hubeba mwanzo wake, hata kikifunguliwa katika mashine mpya. Kwa hiyo kila kimoja peke yake huwa sahihi. Kosa huja wakati wa kunakili.

Kinga yake ni nyepesi. Kabla ya kunakili, karani na aandike 1 Januari 2000 katika kisanduku kitupu cha kila kitabu, kisha akibadilishe kisanduku hicho kionyeshe namba. Ikitokea 36526, kitabu chaanzia mwaka 1900. Ikitokea 35064, chaanzia mwaka 1904. Iwapo tarehe zimekwisha kuhama kama za sajini, kila moja ipunguzwe 1462; zikiwa zimerudi nyuma, iongezwe 1462. Lakini asibadilishe mwanzo wa kitabu kilichokwisha kujaa tarehe, maana zote zitahama kwa pamoja.

Hatimaye, majina machache yalinganishwe na vyeti vyenyewe, na kila askari aombe kuiona tarehe yake kabla orodha haijatiwa sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari lipo, ila nalo lahitaji mlinzi.