C+ moja, uzani tofauti: Hesabu inayoamua hatima ya watahiniwa wa Lodwar na Kakuma

KILA Januari matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, swali la kwanza katika boma la Lodwar na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita zipatazo 120 kaskazini magharibi, huwa ni lile lile: amepata gredi gani? Ajibupo mtahiniwa kwamba amepata C+, vigelegele hupigwa, kwani hicho ndicho kiwango cha chini cha kusomea shahada.

Furaha hiyo ina msingi, ila haielezi mambo yote. Nyuma ya gredi ya wastani kuna hesabu nyingine, ambayo wazazi wengi hawajawahi kuelezwa, nayo ndiyo huamua kama C+ hiyo itamfikisha mwenyewe kwenye uhandisi, ualimu au nyumbani.

Katika KCSE kila somo hupewa pointi, kuanzia 12 kwa A hadi 1 kwa E. Masomo saba hujumlishwa, hivyo jumla ya juu kabisa ni 84. Pointi 46 hadi 52 ni C+, na 39 hadi 45 ni C.

Hadi mwaka 2022, saba hizo zilikuwa lazima zijumuishe Hisabati, Kiingereza, Kiswahili na sayansi mbili. Kuanzia mtihani wa 2023, wakati Ezekiel Machogu alipokuwa Waziri wa Elimu, utaratibu ulibadilishwa. Sasa huhesabiwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi, yaani Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, kisha masomo mengine matano bora.

Maana ya badiliko hilo huonekana wazi mno Kakuma. Kambi hiyo iliyofunguliwa mwaka 1992 ina wanafunzi wengi waliotoka Sudan Kusini na Somalia, ambao Kiswahili wamekutana nacho darasani wakiwa wakubwa. (Mwenzao aliyetoka Kongo au Burundi huenda alikuja nacho mdomoni, ingawa Kiswahili cha Bukavu si kile cha karatasi ya mtihani.)

Tuseme msichana mmoja amepata Kiingereza 7, Kiswahili 3, Hisabati 4, Biolojia 6, Kemia 5, Historia 8, Elimu ya Dini ya Kikristo 9 na Biashara 7. Kwa utaratibu wa zamani angehesabiwa Hisabati, lugha zote mbili, sayansi mbili, Dini na Historia: jumla 42, gredi C. Kwa utaratibu mpya Kiswahili huondoka, Biashara huingia, na jumla hupanda hadi 46. Hiyo ni C+, bila ya yeye kuongeza jibu hata moja.

Si ajabu basi kwamba waliopata C+ na zaidi nchini waliongezeka kutoka zaidi ya 173,000 mwaka 2022 hadi zaidi ya 201,000 mwaka 2023, kisha zaidi ya 246,000 mwaka 2024, ijapokuwa haitakuwa haki kudai kwamba ongezeko lote limetokana na kanuni hiyo.

Hapo ndipo hesabu ya pili huingia. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo vikuu chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, haliangalii gredi ya wastani pekee. Kila kozi ina masomo yake manne, maarufu kama klasta, yenye jumla ya juu ya pointi 48. Kwa kujikadiria, walimu hugawanya pointi za masomo hayo manne kwa 48, hugawanya jumla ya masomo saba kwa 84, huzidisha majibu hayo mawili, hutafuta kipeuo cha pili, kisha huzidisha kwa 48. Ni makadirio tu, kwa kuwa mtahiniwa hupewa herufi ilhali alama zake halisi za mtihani hazioni.

Msichana wetu akiomba kozi ya sayansi ya jamii kwa Kiingereza, Biolojia, Dini na Historia, ana 30 kati ya 48, na hesabu humpa takriban 28.1. Akiomba kozi ya sayansi kwa Hisabati, Biolojia, Kemia na Kiingereza, ana 22, na hesabu humshusha hadi takriban 24.0. Gredi haijabadilika, wala mwombaji. Uhandisi hawezi kuugusa kabisa, maana klasta yake inataka Fizikia, somo ambalo hakulifanya.

Kwa hivyo uzani wa C+ yake haukuamuliwa Januari. Uliamuliwa miaka miwili kabla, alipochagua masomo ya kidato cha tatu. Katika kaunti kame ambako uhaba wa walimu ni wimbo wa miaka mingi, uchaguzi huo mara nyingi si uchaguzi. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia humchagulia mwanafunzi.

Utaratibu mpya umeficha jambo hili badala ya kulitatua. Umeinua gredi za wengi, na wanaoinuka pamoja hung'ang'ania nafasi zile zile, huku pointi za klasta za sayansi zikibaki pale pale.

Katika shule nyingi za upili za Marekani, ambako wastani huhesabiwa hadi 4.0, kozi ngumu zaidi huweza kumpa mwanafunzi pointi 5 kwa A. Kenya haina fidia ya namna hiyo. B ya Fizikia ni 9, na B ya Dini ni 9.

Kwa mkimbizi kuna kizingiti kingine. Mwanafunzi wa Lodwar mwenye C+ huingia katika foleni ya KUCCPS, na pengine akapata nafasi karibu na kwao, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilichoanzishwa 2017. Jirani yake wa Kakuma, aliyefanya mtihani ule ule, kwa kawaida hutegemea ufadhili: DAFI wa shirika la UNHCR, au ule wa WUSC unaowapeleka vijana Kanada. Nafasi hizo ni chache, na C+ iliyopatikana kwa pointi 46 haishindani kirahisi.

Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kugeuza Kakuma na Dadaab kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Iwapo ujumuishaji huo utafika hadi mlango wa KUCCPS ni swali ambalo wazazi wa Kakuma wana haki ya kuliuliza mapema.

Muda nao ni mfupi. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 wamepangiwa kufunga ukurasa wa KCSE mwaka 2027. Baada yao, wanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu wakiwa gredi ya 9, na mkondo wa sayansi utahitaji mwalimu wa Fizikia vile vile.