Hao Nzi Umewatoa Wapi?

Nasema hivi, na atakayenuna anune: uchafu mwingi tunaousifu kwenye hadithi na makala zetu kwa jina la uhalisia ni rangi tu ya kuficha mshono mbaya. Hili sikulipata kwenye darasa la fasihi. Nimelipata mezani kwangu, brashi mkononi, ndege ya plastiki mbele yangu.

Ndege yenyewe ni MiG-21, kwa uwiano wa 1 kwa 72. Ile halisi iliingia jeshini huko Muungano wa Kisovieti mwaka 1959, na zikatengenezwa zaidi ya 10,000. Yangu ina urefu wa karibu sentimita 20, na ndiyo modeli ya kwanza maishani mwangu. Nikaamua iwe ya jeshi la anga la Uganda la miaka ya 1970, lile la Idi Amin, maana hizo ndizo MiG zilizoingia kwenye historia yetu. Baadhi ziliharibiwa na makomando wa Israeli pale Entebbe, Julai 1976. Miaka miwili baadaye vikaja vita vya Kagera, na ndege za Amin zikaruka tena.

Kuunganisha vipande si kazi kubwa. Kazi ni rangi. Kwanza unaosha plastiki kwa maji na sabuni, kwa sababu inaweza kutoka kiwandani na utelezi unaokataa rangi. Ukishagundisha, unasugua mshono kwa msasa, unajaza nyufa kwa puti, unasugua tena. Unapaka praima. Halafu ndiyo rangi yenyewe, nyepesi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ulisubiri likauke. Mgeni yeyote wa kazi hii hapo ndipo anapoharakisha, na mimi sikuwa tofauti. Nilipaka nzito ili nimalize jioni ileile. Hebu piga hesabu: nusu milimita ya rangi kwenye modeli hii ni sawa na sentimita 3.6 kwenye ndege halisi. Yaani ndege ya kivita niliipiga lipu kama ukuta wa choo.

Kosa la pili lilikuwa kuchagua rangi ya fedha. MiG-21 nyingi zilikuwa na sura hiyo ya bati tupu, na mimi nikaona inapendeza. Jamani, rangi ya fedha haina huruma. Inaonyesha kila mkwaruzo wa msasa, kila alama ya kidole. Pale nusu mbili za kiwiliwili zinapokutana, ukatokea mstari kutoka puani hadi mkiani, kama kovu la upasuaji. Alama za kubandika nazo nilizibandika bila kutanguliza vanishi ya kung'aa, hewa ikanasa chini yake, zikazungukwa na weupe kama ukoko.

Hapo nikagundua dawa ya wavivu. Watu wa modeli wana hatua ya mwisho ya kuichafua ndege ili ionekane imetumika: masizi, mafuta, vumbi. Nikachukua chaki nyekundu, nikaisaga, nikaisugua kwenye mshono. Mshono ukapotea! Nikaendelea: mabawa, mgongo, mkia mpaka nchani. Uganda si Afrika? Na Afrika si vumbi jekundu? Dakika kumi tu. Nikapiga picha, nikawatumia rafiki zangu. Wote jibu moja: aisee, inaonekana ya kweli kabisa.

Asubuhi nikaitazama tena nikajiuliza: vumbi hili limefikaje hapa? Entebbe iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, mvua ni ya kumwaga, na njia ya kurukia ina lami. Nchani mwa mkia wa MiG-21 ni karibu mita 4 kutoka chini. Nani alipanda huko na ndoo ya udongo? Na udongo huo unabakije pale ndege inayoweza kupita mara mbili ya kasi ya sauti ikisharuka?

Uchafu wa kweli hauko hivyo. Una chanzo, na una mwelekeo. Modeli yangu ni ya aina ya MF, yenye mzinga chini ya tumbo, basi masizi huanzia mdomoni mwa mzinga na kufuata upepo kurudi nyuma. Chuma cha mdomo wa injini huungua, kikageuka kahawia na samawati. Juu ya bawa, karibu na kiwiliwili, kuna michubuko ya viatu vya mafundi. Tope hurushwa na tairi, kwa hiyo litafute tumboni, nyuma ya magurudumu. Ukiniuliza doa fulani limetoka wapi, lazima niwe na jibu. Vumbi langu la chaki halikuwa na jibu. Lilikuwa na kazi moja tu: kuficha kwamba sikupiga msasa.

Sasa tuje kwetu sisi tunaoandika. Ni hadithi ngapi fupi umesoma mwaka huu zinazoanza na mtaro wenye harufu, mtoto mwenye kamasi, bati lenye kutu? Ukitoa mtaro, kamasi na kutu, kinabaki nini? Mara nyingi unabaki mshono: mhusika asiye na sababu ya kutenda anachotenda, kisa kilichogundishwa katikati usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya shindano. Halafu mhakiki anakuja na kusifu "uhalisia usio na soni". Uhalisia gani? Huyo kasifu chaki.

Na sisi waandishi wa habari ndio walimu wakuu wa mchezo huu. Chumba cha habari kina msemo: ongeza rangi. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka makala kuhusu zahanati ya kijiji isiyo na dawa. Mhariri akaniambia makala imepooza, ongeza rangi. Ukweli ni kwamba ilipooza kwa sababu sikufanya kazi. Sikuuliza dawa ziliagizwa lini, sikuuliza zilikwamia ofisi gani, sikuomba kuona hata daftari la stoo. Huo ndio ulikuwa msasa wangu. Badala yake nikaandika kwamba mtoto aliyepakatwa na mama yake kwenye benchi alikuwa na nzi usoni.

Makala ikatoka, ikasifiwa. Baada ya siku tatu mama mmoja akanipigia simu, sauti ya chini, ya heshima: "Mwandishi, mimi ndiye mama wa yule mtoto. Asubuhi ile nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikamvalisha nguo yake ya sikukuu kwa kuwa tulikuwa tunakwenda mbele za watu. Hao nzi umewatoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi.

Najua nitakachoambiwa: kwani umaskini haupo? Unataka tuandike Afrika ya kung'aa kama kipeperushi cha utalii? Hapana. Ndege isiyo na doa nayo ni uongo, labda kama ndiyo kwanza inatoka kiwandani. Mimi sijasema tusafishe. Nasema doa lije na chanzo chake. Kama paa la shule linavuja, niambie nani alipokea fedha za mabati. Kama mhusika wako ana njaa, nionyeshe deni lake dukani na sura ya mwenye duka. Doa lenye chanzo linamfuata aliyelisababisha. Doa la chaki linamwangukia aliyekaa karibu, na aliyekaa karibu kwa kawaida ni mama wa watu na mtoto wake aliyeogeshwa.

Wapo watakaosema mwandishi wa kubuni ana uhuru wake, asilinganishwe na mwandishi wa habari. Uhuru anao. Hata mtengeneza modeli anao, hakuna polisi wa rangi. Lakini uhuru wa kubuni nzi hauondoi wajibu wa kujua kwa nini nzi wamefuata pale. Asiyejua, msomaji makini atamgundua, kama nilivyojigundua asubuhi ile.

Chaki ile sikuwa nimeifungia kwa vanishi, kwa hiyo ilitoka kwa brashi yenye maji. Mshono ukarudi vilevile. Nimeanza upya kwa msasa, taratibu, siku ya nne leo, na bado ukiuinamia mwangani unauona. Modeli ina bahati, inarudiwa. Ile makala bado iko mtandaoni, haijawahi kusahihishwa, na nzi wangu wako palepale usoni mwa mtoto wa watu.