Si kila plastiki yenye alama ya mishale hupata mnunuzi Nakuru

ALAMA ya mishale mitatu kwenye kitako cha chupa au mkebe wa plastiki huwafanya wengi waamini kwamba chombo hicho kitatengenezwa upya. Ukweli ni kuwa nambari iliyo ndani ya mishale hiyo, kuanzia 1 hadi 7, hutaja tu aina ya plastiki. Haiahidi kwamba mjini Nakuru yupo mtu wa kuinunua.

Plastiki isiyo na mnunuzi huishia katika jaa la Gioto, kwenye miteremko ya Menengai, au huchomwa nyuma ya nyumba. Mvua inaponyesha, taka za mji husombwa kuelekea Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutoa maji yake. Kinachoingia humo hubaki humo.

Serikali imejaribu kukabiliana na tatizo hili. Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku kote nchini. Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zilizuiwa katika mbuga za kitaifa, ikiwemo ya Ziwa Nakuru. Hata hivyo, nje ya ua wa mbuga, chupa zile zile zingali zinauzwa katika kila duka.

Ni zipi basi zenye thamani? Kwa kawaida, wanunuzi wa plastiki kuukuu nchini hutafuta chupa za maji na soda, ambazo ni nambari 1; mitungi ya mafuta ya kupikia na chupa za sabuni, nambari 2; pamoja na ndoo, beseni na vifuniko, ambavyo aghalabu ni nambari 5.

Pakiti za vibanzi na biskuti hazina bahati hiyo. Nyingi zimeundwa kwa tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, na kuzitenganisha hugharimu kuliko thamani yake. Vyombo vyeupe vyepesi vya kubebea chakula, nambari 6, hujaza gunia bila kuongeza uzito, ilhali muuzaji hulipwa kwa kilo.

Ambaye haoni nambari anaweza kutumia maji. Kipande cha ndoo au mtungi huelea. Kipande cha chupa ya soda huzama. Viwanda hutumia kanuni iyo hiyo kutenganisha plastiki zilizosagwa. Mchanganyiko ni hasara: kipande cha bomba la maji, nambari 3, kikiyeyushwa pamoja na chupa hutoa asidi inayoharibu mzigo mzima.

Hapa ndipo nyumba inapohusika. Chupa iliyosuuzwa na kuwekwa kando ni mali. Iliyochanganywa na mabaki ya chakula ni taka. Anayeumia kwanza ni mwokotaji wa Gioto, ambaye hulazimika kupekua uchafu ili apate riziki.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka familia kutenganisha taka, na kaunti kuanzisha vituo vya kuzipanga. Majukumu hayo mawili hayatengani. Mwananchi atachoka kutenga chupa zake iwapo lori litazimwaga zote pamoja, na kituo kitakosa kazi iwapo taka zitafika zikiwa zimechanganyika. Kabla ya kuwahimiza wakazi, kaunti yafaa iwaeleze waziwazi ni plastiki zipi zinazonunuliwa, na wapi.