Funikeni mstari wa kompyuta

Ukitazama mchezo wa sataranji wa mabingwa moja kwa moja, pembeni mwa ubao utaona mstari mwembamba, nusu mweupe nusu mweusi. Hiyo ni hukumu ya kompyuta. Mwenye vipande vyeupe akipata nafuu, weupe unapanda. Akikosea, unaporomoka papo hapo. Wengi wetu siku hizi hatutazami ubao, tunatazama mstari. Mimi nasema ufunikwe.

Nafundisha vijana sataranji hapa Mombasa, na mchezo ulionitia msimamo huu ni ule wa 14, wa mwisho, kati ya Ding Liren wa China na Gukesh Dommaraju wa India, waliokuwa wakiwania ubingwa wa dunia Singapore tarehe 12 Desemba 2024. Kwetu ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri. Kule walianza saa kumi na moja jioni, huku ni saa sita mchana. Nikawakusanya vijana mbele ya kompyuta, nikabandika karatasi juu ya mstari ule. Walinung'unika kweli kweli.

Pointi zilikuwa 6.5 kwa 6.5. Ding, bingwa mtetezi, alicheza na vyeupe. Saa zikapita. Malkia walishaondoka, kila mmoja akabaki na ngome moja, askofu mmoja na vitunda vichache, Gukesh akiwa na kitunda kimoja cha ziada. Kwa wachezaji wa kiwango chao, hali kama hiyo kwa kawaida huishia sare. "Mwalimu, si sare tu hii?" kijana mmoja akauliza. Nikamwambia ahesabu mwenyewe.

Hatua ya 55, Ding akasogeza ngome yake mbele ya ngome ya Gukesh ili waliane. Dunia nzima, kila aliyekuwa na mstari alijua sekunde ileile kwamba ubingwa umemponyoka Ding. Kwa nini umemponyoka, hilo mstari hausemi. Gukesh mwenyewe alikuwa hajaona bado. Baadaye alieleza kwamba nusura acheze hatua nyingine. Kisha akaona, na kamera ikatuonyesha uso wake ukibadilika.

Alichokiona ni hiki. Askofu wa Ding alikuwa amejibanza kwenye kona ya ubao. Ngome zikishaliwa, Gukesh anamweka askofu wake katikati ya mshazari uleule, na yule wa konani hana pa kukimbilia. Maaskofu wanaliana, wanabaki wafalme na vitunda, na hapo kile kitunda cha ziada kinakuwa na nguvu ya malkia anayesubiriwa. Hatua tatu baadaye Ding akasalimu amri. Gukesh, mwenye miaka 18, akaanza kulia huku akivipanga vipande upya mahali pake.

Vijana wangu waliligundua jambo hilo kwa kubishana, vidole vikigusa kioo, hadi binti mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akapiga kelele, "Askofu hatoki!" Sijui mstari gani ungempa furaha ile.

Najua jibu nitakalopewa: mtazamaji mgeni, bila mstari, haambulii kitu. Ni hoja nzito, kwani mchezo wa saa nne haubembelezi mtu. Lakini wapo watangazaji, tena wengine ni wachezaji mahiri, na kazi yao ni kueleza. Mstari umewageuza nao kuwa wasomaji wa matokeo. Pale maskani wanapocheza drafti kwa vizibo vya soda, mtu anayenong'ona jibu kabla wachezaji hawajaliona hufukuzwa.

Tena mstari unatufanya tuwe wakatili. Baada ya Singapore wengi walidhihaki kosa la Ding kuwa la kitoto, na hata Vladimir Kramnik, bingwa wa zamani, alitoa maneno ya masikitiko makubwa. Nawauliza hao, mmesahau mechi ya ubingwa ya Sochi, 2014? Katika mchezo wa 6, Magnus Carlsen alisogeza mfalme wake mahali pabaya. Viswanathan Anand, aliyekuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia mara 5, angeweza kumwadhibu kwa farasi. Akasukuma kitunda cha pembeni badala yake, na akapoteza mchezo. Watazamaji wenye kompyuta walikuwa wanashika vichwa. Ila Anand hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba hapa pana kitu, na kulijua hilo tu ni zaidi ya nusu ya jibu. Ding naye alikuwa amechoka, ameshacheza michezo 13 kabla ya huo, na kubadilishana vipande ni jambo analofanya yeyote anayetafuta sare. Mwenyewe alisema hajutii.

Kwa hiyo ninawaomba wanaorusha matangazo haya waucheleweshe mstari kwa dakika tano, au wauweke mahali ambapo anayeutaka ataufungua mwenyewe. Na walimu wenzangu wa vilabu vya shule, mechi ijayo ya ubingwa wekeni ubao halisi mezani kando ya kioo, kila hatua ichezwe kwa mkono, na kabla jibu halijaja kila mtoto aandike lake kwenye daftari. Binti yule tayari ameniuliza ni lini.