Sauti Nzuri Si Sauti Kubwa



Fedha za ufuta na korosho zinapoingia, huku kwetu Nandagala nyumba nyingi huongezewa kitu kimoja, nacho ni sabufa. Baba au kijana mkubwa hurudi na boksi kutoka Ruangwa mjini au Nachingwea, na jioni ile ile majirani wote hujua. Hatusemi ni vibaya. Familia inayokaa pamoja kusikiliza habari, mafundisho na nyimbo za kwaya ina heri. Lakini fedha hizo ni jasho la mwaka mzima, na masikio ya watoto wetu hayauzwi dukani. Basi mwezi huu tuzungumze jinsi ya kuchagua spika na jinsi ya kuzipanga sebuleni.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, kila kikundi mbele ya redio yake. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kilichofanya kazi pale ni maneno yaliyoeleweka, wala si mngurumo. Tukilishika jambo hilo tutanunua vizuri.

Tukiwa dukani

Muuzaji hupenda kupiga muziki wenye besi nzito na kufungulia mpaka mwisho. Tumwombe atuwekee sauti ya mtu anayezungumza, kwa mfano taarifa ya habari tuliyoibeba kwenye simu. Apunguze hadi kiasi cha maongezi ya kawaida, nasi turudi nyuma hatua 4 au 5. Je, tunatofautisha "pata" na "paka"? Herufi s, f na sh zinatoka safi? Hizo ni sauti nyembamba za juu, na ndizo zinazotuwezesha kutambua neno hili na lile. Besi huleta utamu, lakini ikizidi hufunika maneno. Spika inayoeleweka ikiwa imepunguzwa ndiyo ya kununua.

Tena tusidanganywe na wati. Juu ya boksi huandikwa namba kubwa yenye herufi P.M.P.O., nayo ni ya kupendezesha macho tu. Tuulize ile ya RMS, ndiyo iliyo karibu na ukweli. Yafaa tujue pia ya kwamba wati zikiongezwa mara mbili, sikio huona tofauti ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika wati kama mara 10. Kwa sebule ya kawaida, wati 10 au 20 za kweli zinatosha. Kwa sisi tunaotumia sola, kila wati isiyo ya lazima ni kumaliza betri bure.

Tukiwa nyumbani

Sebule zetu nyingi zina sakafu ya sementi, kuta tupu na bati lisilo na dari. Sauti hugonga na kurudi, na maneno hupandana. Tusipoelewa tunaongeza sauti, na mwangwi nao unaongezeka. Tusimame katikati ya chumba tupige kofi moja. Kama mlio unaendelea baada ya mikono kutulia, chumba kinahitaji vitu laini: mapazia mazito, zulia, makochi yenye mito. Hivi huimeza sauti inayorudi.

Pili, spika zisikae kwenye kona. Kona huzidisha besi. Tuzisogeze kutoka ukutani futi 1 au 2. Zile ndogo za pembeni ziwe kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, na umbali kati yake ulingane na umbali wa kufika kwenye kiti. Kanga ya zamani iliyokunjwa chini yake huzuia meza na vyombo kutetemeka.

Tatu, nyaya. Nyekundu iingie kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, besi hufifia na watu hudhani spika ni mbovu.

Masikio yetu

Sisi wauguzi tunajua kwamba katika sikio la ndani mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele huziua polepole, bila maumivu, na zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikilize desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Sauti ikifika desibeli 90, saa zile 40 za mtu mzima hushuka kuwa 4 tu kwa wiki nzima.

Hatuna kipimo, lakini tunazo sauti zetu. Kama inabidi kupaza sauti ndipo mtu aliye umbali wa mkono mmoja atusikie, sabufa imezidi. Mtoto mchanga asilazwe karibu nayo. Mtoto anayesogeza sikio kwenye spika, au anayeitwa asigeuke, tusimwite mkaidi upesi. Tumpeleke zahanati masikio yaangaliwe. Na bibi asiyesikia vizuri habari, tusimfungulie mpaka mwisho. Tumwekee kiti karibu, tupunguze besi, tuongeze zile sauti za juu.

Kabla fedha za msimu hazijatoka, tuketi na baba watoto tuzungumze kwa upole. Tukubaliane bei isiyogusa ada na chakula, na saa ya kuzima usiku, maana jirani anayeuguza mgonjwa naye anahitaji kupumzika. Na ikishanunuliwa, kuna kipimo kimoja cha mama: sabufa ikiwa inapiga, mtoto aliye chumba cha pili akiita "Mama!" tumsikie mara ya kwanza.

Tukutane mwezi ujao.