Pesa za Hisa Huenda Wapi Bei Ikianguka?

Kijana mwenzangu, mwaka 2021 hisa moja ya Safaricom ilipita shilingi 40. Mwaka 2023 ikawa chini ya 15. Watu wakauliza: hizo pesa nani amekula?

Sikiza. Kampuni ina hisa kama bilioni 40. Bei ikishuka shilingi moja tu, "utajiri" wa bilioni 40 umepotea, na hakuna aliyeupokea. Ilikuwa hesabu ya karatasi.

Pesa yako halisi ilihama siku ile uliponunua. Aliyekuuzia kwa 40 alishaenda nayo.

Kwa hivyo usichukue pesa ya karo, wala usikope, ukanunue hisa eti kwa sababu zinapanda. Kwanza jiulize: huyu anayeniuzia, mbona yeye anatoka?