Binti wa Mheshimiwa na Njia ya Kurudi

Jioni moja ya likizo ya Desemba, mvua ikinyesha juu ya mabati ya Kitengela kwa namna ile inayowalazimu watu wa nyumba moja kukusanyika chumba kimoja, niliketi na wapwa zangu watatu kutazama filamu ya Kimarekani ya mwaka 2004 iitwayo Chasing Liberty. Kisa chake ni cha mahaba na mzaha: Anna Foster, binti wa rais, mwenye umri wa miaka 18, amechoshwa na walinzi wanaomwandama hata anapokwenda kuonana na mvulana, naye akiwa safarini na wazazi wake mjini Prague akapata upenyo, akapanda pikipiki ya kijana Mwingereza asiyemjua, akatokomea. Wasichana walicheka sana. Lakini ilipobainika kwamba kijana yule, Ben, ni askari wa siri wa serikali ya baba, na kwamba rais mwenyewe ndiye aliyeridhia binti aachwe adhani kuwa yu huru, mdogo wao, mwenye umri wa miaka 14, aliacha kucheka, akaniuliza: "Kumbe hajatoroka, mjomba?"

Sikumjibu usiku ule. Jawabu naliandika leo, maana naona swali lake lawahusu wazazi wengi wa Kajiado, na hasa wale ambao sisi wengine huwaita waheshimiwa.

Binti wa mkubwa katika mitaa yetu hulelewa utawani, ijapokuwa neno hilo la mwambao halitamkwi huku bara. Hutolewa lango la nyumbani akafikishwa lango la shule ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Hajapata kuvuka barabara ya Namanga kwa miguu yake, wala kubishana bei ya nyanya sokoni, wala kukosa nauli akajua la kufanya. Simlaumu baba yake kwa kuogopa, maana siasa zetu zina chuki, na nyakati za kampeni chuki hiyo haichagui mtoto wala mzee. Hata hivyo, kwa yale niliyoyaona katika miaka mingi ya kuishi hapa, aghalabu ukuta huo haumlindi binti peke yake, bali hulinda pia jina la baba, asije akaonekana mahali na mtu, yakazuka maneno, kura zikapungua. Na hofu hiyo ya kura haina msingi mkubwa kama inavyodhaniwa, kwani ni wapiga kura wa hapa hapa, Kajiado Mashariki, waliomchagua Peris Tobiko mwaka 2013, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya, ilhali baadhi ya wazee walikuwa wamempinga hadharani.

Kisha binti huyo aliyefungiwa miaka 18 hupelekwa chuo kikuu ng'ambo, akaachiwa ulimwengu mzima kwa siku moja, nasi hustaajabu asiporudi.

Watu wa mwambao wanakijua kisa cha namna hii ambacho hakikutungwa na mtu. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, na kwa kuwa haikuwa ada kuwafundisha wasichana kuandika, alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba alifariki mwaka 1856, na miaka mitatu baadaye, nduguze Majid na Barghash walipogombania enzi, ujuzi ule wa siri ukamtia binti matatani, kwani ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za upande wa Barghash. Baadaye akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, jirani yake Mji Mkongwe, akashika mimba, na mwezi wa Agosti 1866 akaondoka kwa manowari ya Waingereza iitwayo Highflyer, akateremka Aden, ambako mwaka uliofuata alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa, ndipo wakaelekea Hamburg.

Huyo ndiye aliyetoroka kwelikweli. Hapakuwa na Ben wa kumshika mkono kwa amri ya mzee wake. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi iliyokuwa ngeni kwake kwa lugha na kwa desturi, na aliporejea Unguja mwaka 1885, sultani alikuwa Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua, naye alikataa kuonana na dada yake. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka Berlin mwaka 1886, ni kazi ya mtu ambaye moyo wake haukuhama kabisa. Alifariki Jena mwaka 1924, na majivu yake yakazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa Unguja alichokuwa amekihifadhi.

Mchanga ule hunihuzunisha kuliko tramu. Kifo cha mume ni kadari, lakini mlango wa nyumbani ulifungwa na ndugu.

Sisi wa Kitengela hatuhitaji kwenda mbali kuelewa thamani ya njia ya kurudi. Kabla ya ardhi kugawanywa vipande na kila kipande kuzungushiwa ua, nyumbu walitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi mvua zinapoanza, wakashuka hadi nyanda za Athi-Kaputiei kwa ajili ya malisho, na kiangazi kikiingia wakarudi mbugani kutafuta maji. Hakuna aliyewaswaga, walikwenda na kurudi kwa sababu njia ilikuwa wazi pande zote mbili. Leo ua umewakatiza, na makundi yale makubwa yamebaki katika masimulizi ya wazee.

Nao walimu wa shule ya wasichana ya AIC iliyoko mjini Kajiado, ambayo kwa miaka mingi imewapokea mabinti waliokimbia kuozwa wangali wadogo, walitambua zamani haja ya njia hiyo ya kurudi. Mabinti wale hawakukimbia kwa ajili ya mahaba wala mzaha, na kuwapa kitanda na daftari lilikuwa jambo la lazima. Lakini walimu hawakuishia hapo, walijitahidi pia kuwapatanisha na wazazi wao, ili aliyeokoka asiwe yatima ilhali baba na mama yake wangali hai.

Filamu yetu ya Rafiki, aliyoiongoza Wanuri Kahiu mwaka 2018, nayo ina mabinti wawili ambao baba zao wanashindania kiti kimoja cha siasa jijini Nairobi, na mmoja wao huishia kupelekwa London na wazazi wake. Kwa Mmarekani ng'ambo ni mahali pa kukimbilia. Kwetu ni mahali pa kutupiwa aliyeaibisha jina. Laiti mtunzi mmoja wa Kajiado angetuandikia kisa cha kuchekesha cha binti wa mheshimiwa anayepotea siku nzima kati ya Isinya na Kitengela, akapenda, akakosea, akarudi jioni na kupakuliwa chakula bila kesi.

Mpwa wangu, ulisema kweli. Anna hakutoroka, maana pikipiki aliyoipanda ilikuwa ya baba. Salme alitoroka, akakosa pa kurudi. Sikutakii hata moja kati ya hayo mawili.

Na wewe mheshimiwa unayesoma haya, nakusihi: Jumamosi ijayo mpe binti yako nauli ya matatu ya kwenda Kajiado na kurudi, na usimtume mtu amfuate.